Uniti 371: bili ya maji iliyonifunza kazi ya kusimamia apatimenti

Bili ya Januari 2023 ilinifikia kwa meseji nikiwa kwenye foleni ya chapati. Uniti 371, shilingi 616,000. Miezi ya kawaida jengo letu halivuki uniti 190. Kabla chapati zangu hazijafungwa nilikuwa nimeshawapata wahalifu: wapangaji. Nikaanza hata kuwahesabu kwa namba za milango yao.

Kisa hiki nakieleza chote, pamoja na sehemu zinazonitia aibu mpaka leo. Wengi wanaingia kwenye kazi hii kama nilivyoingia mimi, kwa kujuana, bila siku moja ya mafunzo, wakiamini kwamba meneja wa jengo ni mtu wa kukusanya hela na kupigia mafundi simu. Makosa niliyofanya ndani ya wiki tatu yalikuwa mengi, lakini yote yalizaliwa na moja. Maji yalipopotea niliuliza ni nani, sikuuliza ni wapi.

Jengo na mimi

Jengo lenyewe liko Kijitonyama, Dar es Salaam. Lina nyumba 16 za vyumba viwili viwili: nne chini, nne ghorofa ya kwanza, nne ya pili, nne ya tatu. Wakati huo nyumba 14 zilikuwa na watu. Mwenye jengo anaishi Muscat, tunaongea kwa simu, na kila mwisho wa mwezi namtumia hesabu. Kodi hulipwa kwa miezi sita, kama ilivyo sehemu nyingi za mji huu. Maji yana mita moja ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kwa jengo zima, na bili inagawanywa sawa kwa kila nyumba yenye mtu. Umeme kila nyumba ina LUKU yake, yaani mita ya kulipia kabla kwa tokeni, na kuna LUKU moja ya jengo kwa ajili ya pampu na taa za ngazi. Naomba msomaji aikumbuke hiyo LUKU ya jengo, tutairudia.

Maji ya DAWASA yanaingia kwanza kwenye tanki la chini, lililochimbiwa nyuma ya jengo, la lita 20,000. Pampu inayavuta kutoka humo hadi kwenye simtanki nne zilizo juu ya paa, halafu yanashuka yenyewe kwenda majumbani. Hakuna nyumba inayopata tone moja bila maji hayo kupitia kwenye pampu. Sentensi hii ndiyo ilikuwa ufunguo wa kesi nzima, nami nilikaa miezi sita pale bila kuijua. Nilijua kuna pampu kwa sababu inapiga kelele. Nilijua kuna simtanki kwa sababu zinaonekana kutoka barabarani.

Nilitoka mapokezi ya hoteli, miaka minne. Nikajiambia apatimenti ni hoteli ambayo wageni wake hawaondoki. Nilikuwa sahihi, ila sikufikiria maana yake. Mgeni wa hoteli ukimkosea, asubuhi anakabidhi funguo na kosa lako anaondoka nalo. Mpangaji unamkosea Jumatatu, Jumanne mnapishana kwenye ngazi, Jumatano anakuomba fundi wa sinki, na Jumapili mko wote kwenye kikao. Kosa linakaa pale pale kama gari bovu kwenye maegesho.

Makabidhiano yalifanyika Agosti 2022 na yalichukua dakika arobaini. Meneja aliyeondoka alinipa shada la funguo, daftari la kodi, na namba ya dalali. Sikuuliza mita ya maji inasoma ngapi. Sikuuliza koki ipi inafunga nini. Sikuomba kufunguliwa mfuniko wa tanki. Daftari la kodi nililikagua mstari kwa mstari, nikajiona makini sana.

Mgao

Mwishoni mwa Oktoba 2022 ulitangazwa mgao wa maji Dar es Salaam. Mvua zilikuwa zimechelewa na Mto Ruvu umepungua, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya jiji. Waliokuwepo wanakumbuka: madumu ya njano kwenye kila kona, na bei ya boza, gari la kuuza maji, ikipanda kila unapopiga simu. Kwetu maji yalikuwa yakija siku moja, yanakatika mbili, yakija ni membamba. Bili ya Oktoba ilikuwa uniti 121, ya Novemba 96.

Nilinunua maji ya boza mara tano. Vijana wa boza walifungua mfuniko wa tanki, wakaingiza mpira, wakawasha mashine. Mimi nilikuwa pembeni na simu mkononi, nikihakiki nani ametuma mchango na nani bado. Mara ya tatu mpira ulikwama kitu huko ndani, wakausukuma kwa nguvu, ukaingia. Nililiona hilo kwa macho yangu, halafu nikalisahau.

Novemba hiyo ulizinduliwa mradi wa visima vya Kigamboni, mvua nazo zikaanza, na Desemba maji yakarudi kwetu. Yalikuja usiku tu, kuanzia kama saa nne hadi saa kumi alfajiri, lakini kwa nguvu. Bili ya Desemba ikawa uniti 243. Nikasema ni sikukuu, kila nyumba ina wageni, watoto wamefunga shule. Maelezo mazuri kabisa, na hakuna hata moja nililolipima.

Halafu Januari, uniti 371.

Ujumbe wa saa mbili usiku

Bili ya kawaida ilikuwa inamgusa kila mpangaji kwa shilingi 22,000. Sasa ikawa 44,000. Nilijua watauliza, nikaona niwahi. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la jengo hivi, na nauweka hapa kama ulivyokuwa:

"Ndugu wapangaji, bili ya Januari imekuja 616,000. Kila nyumba ni 44,000 mwisho Ijumaa. Kuna wenzetu wanatumia maji kama wako mtoni. Namba 6, 9 na 11 mnajijua."

Namba 6 ni familia ya watu wanane. Namba 11 wana mashine ya kufulia. Namba 9 alikuwa dada anayesuka, na Jumamosi wateja wake humfuata nyumbani kuoshwa nywele. Nilikuwa na hoja kwa kila mmoja. Ambacho sikuwa nacho ni jibu la swali dogo ambalo hakuna aliyeniuliza usiku ule: familia ile ya wanane ilikuwepo pia Septemba, bili ilipokuwa uniti 183. Mashine ilikuwepo. Wateja wa kusuka walikuwepo. Jambo ambalo halijabadilika haliwezi kueleza jambo lililobadilika, lakini mtu mwenye hasira na mwenye namba za milango mkononi hafiki huko.

Tena nilikuwa na ushahidi wa ziada, na huu ndio ulionipoteza kabisa. Shimo la maji taka, ambalo kwa kawaida tunaita gari la kunyonya kila baada ya miezi miwili, Januari lilijaa mara tatu. Nikasema ndiyo hayo, maji mengi yanaingia majumbani, kwa hiyo maji mengi yanatoka. Mambo mawili yanathibitishana. Sikujua kwamba ushahidi mmoja unaweza kukaa vizuri ndani ya maelezo mawili tofauti, na kwamba ukishalipenda moja, la pili hulioni hata likiwa limeketi mbele yako.

Kundi lililipuka. Mzee wa namba 6 aliandika sentensi moja tu, "Binti, watoto wangu si wezi wa maji," kisha akajitoa. Wengine wakaleta nadharia yao: mita inasoma upepo. Hili si porojo. Mabomba yakikauka wakati wa mgao hujaa hewa, na maji yanaporudi hewa hiyo husukumwa mbele ikapita kwenye mita na kuizungusha. Lakini hilo hutokea maji yanaporudi baada ya kukatika, na Januari kwetu hayakuwa yakikatika siku nzima nzima kama Novemba. Kama ni upepo, Novemba ndiyo ingetuumiza. Nililiona hilo mapema na nikajivunia, nikalitumia kuwanyamazisha. Akili ilikuwepo basi, nilikuwa naichagulia tu mahali pa kwenda.

Koki ya namba 9

Ijumaa ilipofika, dada wa namba 9 alikuwa hajalipa. Aliniambia atalipa 22,000 yake ya siku zote, na nikitaka nyingine nimwonyeshe alipoitumia. Nilichukulia kuwa ni dharau. Jumamosi asubuhi, siku ya wateja wake, nikamwita fundi akafunga maji ya namba 9.

Hapa ndipo nilipokutana na mabomba ya jengo langu kwa mara ya kwanza. Maji yanashuka kutoka paani kwa mabomba ya wima, na bomba moja linalisha nyumba zilizopangana juu na chini: 13, kisha 9, kisha 5, kisha 1. Koki aliyoiona fundi kwenye kona ya ghorofa ya pili haikuwa ya namba 9 peke yake. Ilikuwa ya bomba lenyewe. Tukamkatia maji namba 9, na pamoja naye namba 5 na namba 1, ambao wote walikuwa wamelipa 44,000 bila neno.

Namba 5 alinipigia mara sita. Namba 9 hakupiga. Alimleta mjumbe.

Mjumbe alikuwa mstaarabu kuliko nilivyostahili. Aliomba kuona mkataba. Mkataba unasema mpangaji atalipa "maji atakayotumia". Hausemi akichelewa atakatiwa. Dada yule alikuwa amelipa kodi mpaka Aprili, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inamwekea mpangishaji sharti la kumwacha mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake akae kwa utulivu. Mjumbe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba dada akitaka, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya anapafahamu. Nilimwita fundi tena, tukafungua. Maji yalikuwa yamefungwa siku mbili kasoro.

Jumatatu asubuhi alikuja mama wa namba 1, ana ndoo tupu mkononi. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, anatembea taratibu, na ndiye mpangaji wa zamani kuliko wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hizi siku mbili ulizotufungia, bili imepungua uniti ngapi?"

Nikamwambia bili inakuja mwisho wa mwezi.

"Bili ndiyo ya mwisho wa mwezi. Mita iko pale nje, inasoma kila dakika. Umeisoma lini?"

Sikuwa nimeisoma. Sikujua hata kisanduku chake kinafungukaje. Tulikwenda wote, tukakuta siafu na jani la mwembe juu ya kioo. Akalifuta kwa kanga, akasoma tarakimu kwa sauti kama anayeita mahudhurio, akaniambia niandike na saa.

Siku nne za daftari

Kuanzia siku hiyo nilisoma mita mara mbili, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mchana wote haikusogea. Usiku iliruka: uniti 12, 12, 11, 12. Kwa siku 31 hiyo ni zaidi ya uniti 360, kwa hiyo bili ya Januari haikuwa ya kubuni. DAWASA hawakutuibia, na mita haikuwa mbovu. Uniti moja ni lita 1,000. Lita 12,000 kila usiku, kwa watu kama hamsini.

Lakini namba hizo peke yake hazikutosha, na mwalimu ndiye aliyeniwahi kabla sijashangilia. Maji kwetu yanakuja usiku, kwa hiyo lazima mita iende usiku, tanki linajaa. Mita inasema yaliyoingia kwenye jengo. Haisemi yaliyofika kwa watu. "Kuna mlango wa pili?" aliuliza. "Mahali pengine maji yanapohesabiwa?"

Nikajibu hakuna. Kisha, nikiwa kitandani usiku ule, nikakumbuka pampu.

Pampu haina mita ya maji, ila inakula umeme, na umeme wake naununua mimi. Kila lita inayokwenda paani inalipiwa tokeni. Wapangaji wakitumia maji maradufu, pampu inafanya kazi maradufu, na LUKU ya jengo inaisha maradufu. Meseji zote za tokeni zilikuwa kwenye simu yangu tangu Agosti.

Nilizipekua mpaka usiku wa manane. Mwanzo zilinichanganya, kwa sababu nilikuwa natazama shilingi. Kwenye ununuzi wa LUKU kuna makato: VAT, tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), na tangu 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humo, wakati huo shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kila ghorofa, ambayo Julai 2023 ilipanda kuwa 7,500. Hela ile ile hununua umeme tofauti kutegemea umenunua mwanzoni mwa mwezi au katikati. (Katika kupekua huko niligundua pia kwamba kijana wa namba 12 alikuwa akikatwa kodi ya jengo kwenye LUKU yake na hakuna aliyemrudishia, ingawa ni kodi ya mwenye jengo. Hicho ni kisa kingine, na hakikunipendeza pia.) Nilipoacha shilingi nikajumlisha uniti za umeme, mambo yakanyooka. Septemba, mwezi wa kawaida: uniti 131. Januari, mwezi wa mafuriko: uniti 128.

Nilikaa kitako. Maji yaliyopanda kwenda kwa wapangaji yalikuwa yale yale. Namba 6 hawakuongeza kitu. Namba 9 hakuongeza kitu. Maji yalipotea baada ya mita na kabla ya pampu, na katikati ya mita na pampu kuna kitu kimoja tu.

Chemba

Asubuhi nilimwambia mlinzi kwamba leo usiku nitakesha naye, nataka kuangalia tanki. Mzee wetu anatoka Singida na amelinda pale tangu jengo linapakwa rangi ya kwanza. Hakushangaa.

"Ni ile chemba ya nyuma?"

"Chemba gani?"

"Inaimba. Kuanzia saa saba hivi mpaka alfajiri. Nilidhani mnajua."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema kwa upole kwamba kazi yake ni geti, na maswali niliyowahi kumuuliza yalikuwa ni nani ameingia na gari la nani limelala nje. Ni kweli. Hata mlinzi nilimpa kazi ya kuniambia "nani".

Usiku ule maji yalianza kuingia saa nne na dakika kumi. Nilisoma mita kila saa: uniti mbili, mbili, mbili. Saa saba kasorobo kukawa kimya, kisha chini ya zege pakaanza sauti nyembamba ya maji yanayotiririka mahali penye mwangwi. Tulifunua chemba ya maji taka. Ndani yake yalikuwa yakipita maji meupe, safi, unaweza kuona changarawe chini.

Tukafunua tanki. Kwenye mlango wa bomba la DAWASA kuna boya, mafundi huliita floti. Maji yakipanda, boya linapanda, mkono wake unafunga bomba. Mkono wa floti yetu ulikuwa umepinda na kubanwa ukutani, boya limezama nusu, na bomba liko wazi kabisa. Tanki lilijaa saa saba, na kuanzia hapo kila kilichoingia kilitoka kwa bomba la ziada lililo juu ya tanki. Yeyote aliyejenga alilipeleka bomba hilo chini kwa chini hadi kwenye chemba ya maji taka, pasipo mtu kuona. Saa tatu kila usiku, uniti sita. Ndiyo maana shimo lilijaa mara tatu. Nilikuwa nalipia maji safi yaingie, halafu nalipia gari lije kuyanyonya.

Na ndiyo maana halikujulikana mapema. Wakati wa mgao tanki halikuwahi kujaa, kwa hiyo floti mbovu haikuwa na nafasi ya kujionyesha. Jengo lilikuwa limevunjika tangu Novemba, likasubiri neema ya maji ili livuje.

Mlinzi alimulika ule mkono uliopinda kwa muda. "Ni siku ile ya boza," akasema. "Mpira ulipokwama. Ulikuwa umesimama hapo hapo, binti."

Fundi na mwenye jengo

Asubuhi nilimwita fundi mwingine, mtu mzima asiyependa maneno. Floti mpya ya shaba pamoja na ufundi ilikuwa 65,000. Alipofuatilia bomba la ziada mpaka kwenye chemba alisimama, akanitazama kama mtu aliyekuta mtoto anachezea wembe.

"Hilo shimo likijaa, dada, yanarudi wapi?"

Sikuwa nimelifikiria. Januari lilijaa mara tatu. Bomba lile lile lililokuwa linatoa maji lingeweza kurudisha uchafu kwenye tanki ambalo watoto wa namba 6 wanakunywa. Hatukuona dalili kwamba ilitokea, lakini tulilimwaga tanki zima, tukalisugua, tukatia klorini, na bomba la ziada likakatwa, likatolewa ukutani juu ya ardhi, karibu na kiti cha mlinzi. Likimwaga, mtu wa kwanza kulowa ni yeye. Fundi alisema ndivyo linavyotakiwa kuwa tangu mwanzo: bomba la ziada likificha maji halina kazi, maana kazi yake ni kusema.

Kumwambia mwenye jengo ilikuwa ngumu kuliko kukesha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Boza aliita nani?" Kisha akasema mkataba uko wazi, maji ni ya mpangaji. Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho nadhani ndicho pekee nilichokifanya vizuri mwezi ule. Nilimsomea neno "atakayotumia", nikamtumia picha za daftari la mita na jumla ya tokeni za pampu. Uniti 186 za Januari, 58 za Desemba na kama 80 za Februari hazikutumiwa na mpangaji yeyote. Kwa shilingi ni zaidi ya laki tano. Alikaa kimya siku mbili, akakubali kulipa, akakata laki moja kwenye mshahara wangu kwa miezi miwili. Nilikubali. Bado naona bomba lililofichwa kwenye chemba halikuwa kosa langu, na laki moja ni nyingi kwa mtu aliyeshikilia simu, lakini sikuwa na hamu ya kubishana kuhusu nani tena.

Kwenye kundi niliandika nilichokosea, kwa namba zile zile za milango, na kila mtu akapunguziwa bili iliyofuata. Namba 11 alijibu kwa kidole gumba. Kwa mzee wa namba 6 nilipanda mwenyewe, nikapiga hodi, nikaomba radhi nikiwa nimesimama. Alinikaribisha chai. Hakurudi kwenye kundi.

Dada wa namba 9 alinisikiliza mlangoni, akasema ahsante kwa kunieleza, na Aprili mkataba wake ulipoisha alihama. Aliondoka na kiti chake cha kusukia na wateja wake, ambao baadhi yao walikuwa wakiulizia nyumba kwetu. Namba 9 ilikaa wazi miezi miwili na nusu. Kodi yake ilikuwa 450,000 kwa mwezi, kwa hiyo jengo lilipoteza 1,125,000, zaidi ya mara mbili ya maji yote yaliyoimba kwenye chemba. Hesabu hiyo mwenye jengo hajaifanya. Mimi nimeifanya mara nyingi.

Lililobaki

Mita naisoma kila Jumatatu na Alhamisi, na tokeni za pampu naziandika kando yake, safu mbili kwenye ukurasa mmoja. Mfuniko wa tanki una kufuli, na boza likija nashika mpira mwenyewe. Alipokuja mpangaji mpya wa namba 9 nilimtembeza mpaka kwenye koki ya ghorofa ya pili nikamweleza inafunga nyumba zipi. Alionekana kuchoshwa.

Ugawaji wa bili haujatatuliwa. Nilidhani jibu ni submita kwa kila nyumba, mpaka fundi aliponionyesha kwamba bomba la wima linaingia kila nyumba kwa matawi mawili, la jikoni na la bafuni, kwa hiyo zinahitajika submita 32 na kuta kuchimbwa. Mwenye jengo alicheka. Tuliitisha kikao, mwalimu wa namba 1 akapendekeza tugawane kwa vichwa, namba 6 wakaona wanaonewa, kijana wa namba 12 akasema yeye hulala hapa siku tatu tu kwa wiki na anataka kulipa nusu kichwa. Tumekaa vikao viwili tangu hapo. Kwa sasa bado tunagawana kwa nyumba, shilingi 22,000, mara nyingine 23,000.